Vijiko Viwili na Tairi Moja

Jumamosi ile ilianza vizuri, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Saa mbili asubuhi chai ilikuwa imeshanyweka, mama mkwe ameketi barazani na ukili wake, mke wangu anaepua maandazi ya mwisho kwenye karai. Yalikuwa mia moja na hamsini, ya shughuli ya Makorora, na yalitakiwa yafike kabla ya saa tano. Sisi twakaa Ngamiani, na chombo cha kuyafikisha ni baiskeli yetu, Phoenix nyeusi ya inchi 28, yenye keria inayobeba chochote: gunia la mkaa, mgonjwa wa homa, hata mlango wa kabati siku tuliyohama. Nikaenda kuitoa uani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Pancha," alisema mwanangu wa darasa la sita, kwa furaha ya mtoto anayeona shida isiyo yake.

"Ipeleke kwa fundi," alisema mke wangu bila kugeuka.

"Fundi wa nini? Pancha tu hii. Dakika kumi."

Nieleweni. Mtu hawezi kuishi Tanga miaka arobaini, mji ambao muuza samaki yuko juu ya baiskeli, mwalimu yuko juu ya baiskeli, bibi anayekwenda kuzika yuko juu ya keria ya baiskeli, halafu amlipe mtu amzibie pancha. Na tena mama mkwe alikuwa ananitazama. Mama mkwe akija kutoka Pangani hukaa wiki mbili, na katika wiki hizo mimi huwa mwanamume hodari kuliko nilivyo mwaka mzima uliobaki.

Gurudumu nililifungua bila tabu. Kibaya kilianza nilipotafuta bisibisi. Bisibisi alikuwa nayo jirani, na jirani alikuwa Muheza. Nikaingia ndani kimyakimya, nikafungua kabati la vyombo vya wageni, nikatoa vijiko viwili. Si vijiko vya kawaida hivyo. Ni katika dazeni aliyotuletea mama mkwe mwenyewe siku ya harusi yetu, vizito, vinang'aa, vinatoka kabatini Idi mbili tu kwa mwaka. Mpini wa kijiko kizuri ni chombo barabara cha kubandulia tairi, na yeyote aliyewahi kukwama njiani anajua. Tatizo ni kwamba kijiko kina mwenyewe.

Nikachomeka mpini wa kwanza kati ya tairi na ringi. Ukaingia. Nikaukandamiza. Ukingo wa tairi ukainuka kidogo, ukanitazama, ukarudi mahali pake. Nikachomeka wa pili kando ya wa kwanza, nikakandamiza yote miwili kwa uzito wa mwili. Kitu kikajikunja. Nilidhani ni tairi.

Sasa, kwa asiyejua: tairi la baiskeli limekazwa na nyaya za chuma, mmoja kila ukingo, zimefichwa ndani ya mpira. Mpira utauvuta upendavyo, waya hautanuki hata kwa dua. Ubavuni mwa tairi langu pameandikwa 28 x 1½, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, 40-635. Hiyo 635 ni milimita, upana wa duara ambapo tairi linakalia ringi. Lakini mdomo wa ringi umepanda juu ya hapo, na ukipima mdomo kwa mdomo duara lake limezidi kwa kama sentimita moja. Kwa hiyo kutoa tairi ni kuupitisha waya usiotanuka juu ya duara kubwa kuliko wenyewe. Ukiliangalia hivyo unashangaa kwamba kuna tairi lililowahi kutoka duniani.

Haya nilikuwa nayajua. Ndiyo aibu yenyewe. Mimi ni msomaji, na jasho lilipoanza kunitiririka nilianza kumweleza mke wangu habari za watu waliopata shida kuliko mimi, maana kusimulia kunapumzisha mikono. Nikamwambia kwamba tairi la upepo lilitengenezwa Belfast mwaka 1887 na daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Zuri, laini, lakini lilikuwa linagandishwa kwenye ringi kwa gundi. Baadaye mwendesha baiskeli mmoja akafika na tairi la namna hiyo, limetoboka, kwenye karakana ya ndugu wawili wa Michelin kule Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kulitengeneza kulichukua saa tatu, halafu likaachwa usiku kucha gundi ikauke. Asubuhi Édouard Michelin akalijaribu mwenyewe, na halikufika mbali likaisha upepo tena.

"Saa tatu!" nikasema. "Na usiku mzima!"

"Na huyo Mfaransa," aliuliza mke wangu, "mkewe alikuwa na maandazi?"

Sikujibu. Nikaendelea kwamba kutokana na adha ile ndugu hao wakatengeneza tairi la kufungua na kufunga, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nalo mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200. Na Mwingereza mmoja, Charles Kingston Welch, alikuwa ameshabuni mwaka 1890 mtindo tunaoutumia hadi leo: waya kwenye kingo za tairi, na ringi yenye bonde katikati. Nililitamka neno "bonde" kwa mdomo wangu, gurudumu liko mapajani mwangu, na halikunigusa hata chembe.

Saa nne kasoro bajaji ikaja kuchukua maandazi. Mke wangu aliipakia peke yake. Hakusema neno, na kimya chake kilikuwa na nauli ya bajaji ndani yake.

Ningeacha hapo kama ningekuwa na akili. Lakini tairi lilikuwa limeshanikera binafsi. Mji wetu umesifiwa miaka na miaka kwa "waja leo, waondoka leo", na hili lilikuwa la kuja tu. Nikalimwagia maji ya moto, mpira ulainike. Ulilainika, nami nikaungua kidole. Nikalipaka povu la sabuni, likateleza vizuri sana, ila lililoteleza ni mkono wangu, ukapiga spoki na ngozi ikachubuka. Nikalilaza chini nikapanda juu yake kwa miguu miwili, nikalizunguka nikikanyaga ukingo hatua kwa hatua, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Katika yote hilo ndilo lililofanya kazi kidogo: tairi lilikuwa limegandana na kutu, na kule kukanyaga kukalibandua upande mmoja, mlio wa kutatuka ukasikika mpaka kwa jirani. Nikashangilia. Nikarudi na vijiko. Pale pale, ugumu ule ule.

Mwanangu alikuwa amekwenda kuwaita wenzake. Walikuwa wanne, wamepanga mstari juu ya ukuta.

Ndipo mama mkwe akaweka ukili wake chini. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Akanyanyua mkono wa kushoto, wenye bangili ya fedha aliyovishwa akiwa msichana, akanionyesha.

"Mkwe wangu, hii yatoka?"

"Sidhani, mama."

Akakusanya vidole vyake, akaingiza dole gumba kiganjani, mkono ukawa mwembamba kama wa mtoto, na bangili ikateleza ikaanguka mkekani. Akaivaa tena.

"Wewe wavuta bangili," alisema. "Bangili haivutiki. Kunja mkono."

Nikamshukuru kwa adabu zote, maana ni mama yangu, na moyoni nikasema hawa wazee kila kitu kwao ni methali. Ringi ni chuma. Inakunjwaje?

Saa saba nikakubali yaishe. Nililibeba gurudumu begani hadi kwa fundi aliye chini ya mwarobaini, pembeni mwa barabara. Nilipita njia ya nyuma. Fundi ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, ana kopo la kukalia, beseni la maji meusi na sanduku la vyuma.

"Shikamoo mzee. Kumbe ulikuwa na pilau?"

Povu la sabuni lilikuwa bado limeganda kwenye tairi, na kijiko kimoja nilikuwa nimekisahau, kimenasa pale pale kati ya tairi na ringi, kimepinda shingo. Nikasema marahaba. La pilau nikalipita.

Alichokifanya kijana yule nitakieleza polepole, kwa sababu mimi kilinipita haraka. Hakugusa pale nilipokuwa nimepigana asubuhi nzima. Alianza upande wa pili kabisa, mkabala na valvu. Akaminya tairi kwa viganja viwili, kingo zote mbili zikaachia ukuta wa ringi zikaingia katikati, na mikono yake ikaachana, mmoja ukipita kushoto, mmoja kulia, inaminya, inavuta, inaminya, inavuta, mpaka ikakutana kwenye valvu. Kila alipopita, waya ulikuwa umeshuka katika lile bonde la Welch. Bonde liko chini kuliko kikalio cha tairi, kwa hiyo duara lake ni dogo, na waya ukikaa humo unabaki na ziada. Ziada yote alikuwa anaisukuma mbele yake kama mwanamke anayesukuma unga kwenye ungo, akaikusanya mahali pamoja. Hapo ndipo unapochomeka chuma chako. Unamalizia kwenye valvu kwa sababu shina la valvu limesimama katikati ya bonde, waya hauwezi kushuka pale. Mimi tangu asubuhi nilikuwa navuta pale palipokuwa mbele ya macho yangu, na waya upande wa pili umekaa juu ya kikalio chake, umetulia, hauna habari.

Kunja mkono. Nikatamani mama mkwe asinione uso.

Lakini lilikataa. Hata kwake lilikataa, na sitaficha kwamba nilifurahi. Ziada iliyopatikana ilikuwa ya upana wa uzi. Akarudia mara ya pili, ya tatu, akatua gurudumu akalitazama kwa heshima mpya.

"Mzee, humu ndani mna kitu."

Alitumia vyuma vitatu na goti. Likatoka kwa kishindo, watu wa kituo cha bajaji wakageuka. Akachomoa tyubu, halafu akaingiza kidole ringini akaanza kuvuta. Ukatoka utepe wa mpira mweusi, mnene, uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Akaendelea kuvuta. Ukatoka wa pili. Ukatoka wa tatu, anauzungusha mkononi kama mganga anayetoa uchawi tumboni mwa mgonjwa. Bonde lote lilikuwa limejazwa mpaka juu. Utepe pale unatakiwa mmoja, mwembamba, wa kufunika vichwa vya spoki visitoboe tyubu. Mitatu ya tyubu ya lori ni kufukia bonde, na ukishalifukia waya hauna pa kushukia.

"Nani alikufungia hivi?" aliuliza fundi. "Huyu si fundi. Huyu ni adui yako."

"Kuna mtu," nikasema. "Zamani."

"Si ulikuwa wewe, baba?" ikasema sauti nyuma yangu. Mwanangu alikuwa amenifuata na wale wanne wote. "Ule mwaka spoki zilikuwa zinatoboa, ukasema unamaliza kesi moja kwa moja. Na tairi jipya mkaliingiza na jirani, kwa mtaimbo."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau, na ningependa kuendelea kusahau. Nilimlipa fundi bila kuomba kupunguziwa. Alipotaka kuziba tyubu nikamzuia: hiyo nitaziba mwenyewe. Lazima kitu fulani siku ile nikifanye mwenyewe.

Na nilikifanya vizuri. Nilijaza tyubu upepo, nikaizamisha kwenye beseni, viputo vikanionyesha tundu. Nikapiga msasa, nikapaka solusheni, nikaiacha ikauke mpaka ikashika kidole badala ya kukilowesha, hapo ndipo watu wengi wanapokosa subira. Kiraka kikakaa kama kimezaliwa hapo. Nikarudisha utepe mmoja mwembamba. Tairi nikalivisha kwa dole gumba tu, nikianzia mbali na kumalizia kwenye valvu, bila chuma, bila kijiko, barazani, mbele ya mama mkwe. Nilijaza upepo mpaka likalia kama ngoma nikiligonga. Usiku ule nililala usingizi wa washindi.

Asubuhi likawa limekaa chini tena.

Mke wangu alipita na birika, akaliona, akaniona. Akaingia ndani, akatoka, akaweka dirishani karibu yangu kijiko kilichopinda, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa dawa. Sikukihitaji. Nikageuza baiskeli miguu juu, nikaminya, nikavuta, mikono ikakutana kwenye valvu, ukingo ukatoka kwa dole gumba. Dakika mbili, sizidishi. Nikatazama kama mama mkwe ameona. Alikuwa ameona.

Tyubu ilikuwa na tundu jipya, karibu kabisa na kiraka changu. Ndipo nikakumbuka jambo moja ambalo jana katika ufundi wangu wote sikulifanya: kupitisha kidole ndani ya tairi lenyewe. Nikakipitisha, taratibu, nikizunguka. Mwiba wa mchongoma, mweusi, mfupi, umesimama wima ukinisubiri.

Nikaruka.

"Umeupata?" aliuliza mama mkwe, macho kwenye ukili wake.

"Umenipata, mama."