Usipoziba Ufa, Utalipa Gesi

Kwenu Shangazi, Mjomba na jamaa wote wa Tanga,

Huku Leicester ni Januari. Jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, saa kumi na nusu jioni limekwisha kuaga, na hata katikati hapo hujificha mawinguni kama mtu anayedaiwa. Najua mnavyoamini huko: Mzungu kaishinda baridi zamani, nyumba zake zina joto muda wote, kwa hiyo anayelalamika ana lake jambo. Si kweli. Joto la huku halikai ndani ya nyumba, linakaa kwenye mita, na linauzwa kwa uniti kama umeme wa LUKU. Mita yenyewe ina tozo ya kila siku, kwa umeme peke yake nusu pauni na ushee, hata usipowasha taa. Kwa hiyo hoja yangu ni moja: mwenye kipato kidogo haponi kwa kununua joto jingi, anapona kwa kulizuia lisitoke lile dogo alilolinunua.

Tuanze na nyumba. England, takribani nyumba moja kati ya tano ilijengwa kabla ya mwaka 1919, na mitaa ya Leicester imejaa nyumba za safu za enzi za Malkia Victoria: ukuta wa matofali usio na uwazi wa kuzuia joto, sakafu ya mbao yenye upepo chini yake, na dirisha la kupandisha na kushusha lisilopatana na fremu yake. Boila ya gesi inachemsha maji na kuyazungusha kwenye rejeta za chuma ukutani. Inafanya kazi yake kwa uaminifu. Ukuta nao unafanya yake: unalitoa joto barabarani bila risiti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani kusishuke chini ya nyuzi 18, kiwango ambacho kikifika Tanga usiku wa Julai mtaulizana kulikoni. Nje kukiwa na nyuzi 2, tofauti ni nyuzi 16, na kadiri tofauti inavyozidi ndivyo joto linavyokimbia. Ndiyo maana wanaodai kuwa katika nyumba hizi ni nafuu kuacha boila ikiwaka kutwa nzima, na wenyewe wako kazini, wanajidanganya. Wanampasha moto paka wa jirani.

Dawa ya joto linalokimbia haina fahari hata kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku ukuta upo, tatizo ni ufa. Chini ya mlango unalaza kanga kuukuu iliyosokotwa na kujazwa matambara. Dirishani, kama huna fedha za vioo viwili, unabandika utepe wenye gundi pande zote mbili kuzunguka fremu, unatandaza plastiki nyembamba, kisha unaipitishia mashine ya kukaushia nywele. Plastiki inajikaza taratibu, mikunjo inapotea, na kati yake na kioo inabaki hewa iliyotulia. Hewa hiyo ndiyo kizuizi. Jua likizama unashusha pazia zito, lakini lisiifunike rejeta iliyo chini ya dirisha, maana hapo unalipasha joto dirisha na kujinyima wewe. Sofa nayo isogezwe mbali na rejeta. Haina mwili wa kusikia baridi.

Shangazi atasema: yote hayo ya nini, si ununue hita ya umeme uwashe chumba kimoja? Tupige hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2025, kwa bei kikomo ya mdhibiti wa nishati, Ofgem, uniti ya umeme ilikuwa takribani peni 26 na ya gesi peni 6. Hita ya kilowati 2 inakula uniti mbili kwa saa, yaani peni 52. Iwashe tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, umelipa pauni 2 na peni 60. Kwa siku thelathini ni pauni 78. Blanketi la umeme la wati 100 kwa saa hizo hizo tano halifiki peni 15. Ukikaa peke yako, basi, pasha mwili kwanza. Mwenye watoto wanaokimbia huku na huko hana ujanja huo, na kwake gesi bado ni nafuu kuliko hita.

Mjomba naye atakumbusha kwamba Lushoto mtu huingiza jiko la mkaa ndani na maisha yanaendelea. Mjomba, hapana. Mkaa ukiwaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo inayoua upesi. Inaua huku, na inaua huko huko Lushoto. Pingamizi la maana zaidi ni la unyevu: ukiziba kila tundu, mvuke wa pilau, wa nguo zilizoanikwa sebuleni na wa pumzi zenu unageuka maji kwenye ukuta wa baridi, na kuvu jeusi linaota nyuma ya kabati. Ni kweli. Kwa hiyo tundu la hewa lililowekwa makusudi haliguswi, sufuria hufunikwa, na baada ya kupika dirisha linafunguliwa dakika chache, kisha linafungwa. Tunaziba ufa, hatuzibi pumzi.

Mwisho, mtasema nyumba ni ya mwenye nyumba, mpangaji afanye nini? Ukuta hawezi kuubadilisha, lakini anaweza kuchagua. Kila nyumba inayotangazwa kupangishwa inapaswa kuwa na cheti cha nishati, kuanzia daraja A hadi G, na tangu Aprili 2020, England na Wales, iliyo chini ya E hairuhusiwi kupangishwa ila kwa msamaha maalumu. Basi kijana wenu anayejiandaa kuja asiulize kwanza ukubwa wa sebule, aulize daraja. Na harusi za kuchangiwa, tafadhali zipangeni Juni, mita ya gesi ikiwa imelala.