Namna ya Kupumua: Mwongozo kwa Wanaojua Tayari

Kaa sawa, fumba mdomo, vuta hewa kwa pua. Umeweza? Hongera. Mwili wako huifanya kazi hiyo mara 20,000 hivi kwa siku, hata ukiwa umelala fofofo. Wewe umebakiziwa jukumu moja tu: usiiharibu.

Pua iache ifanye kazi yake. Vinyweleo na kamasi hunasa vumbi, na hewa hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla haijashuka kooni. Mdomo hauna ufundi huo. Unapomeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa. Ukiongea huku unatafuna, chakula huweza kupotea njia. Wazee waliokukataza kusema na tonge mdomoni walikuwa na haki kabisa.

Mapafu nayo usiyasifu kwa kazi isiyo yao, maana hayana msuli wa kujivuta. Kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini yake, hushuka, mbavu hupanuka, na hewa huingia yenyewe. Kikilegea, hewa hutoka. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita. Huko ndani kuna vifuko vya hewa mamia ya mamilioni, vyenye kuta nyembamba mno; oksijeni hupenya kuingia kwenye damu, kabonidayoksaidi ikatoka. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21. Unayoitoa, asilimia 16 hivi.

Sasa zuia pumzi, kama wale vijana wanaotambiana ufukweni. Muda si mrefu utasalimu amri. Kinachokushinda hasa si uhaba wa oksijeni, ni kabonidayoksaidi iliyoongezeka kwenye damu. Ubongo huipima hiyo, na ikizidi hupiga kengele ya hatari. Shika neno hilo, kwa sababu watu wanakufa kwa kutolijua.

Nenda Njombe au Limuru msimu wa baridi, hutakosa mtu wa namna hii. Jioni anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anaziba upenyo wa mlango kwa kitenge, kisha analaza watoto. Ukimwonya anakujibu kwa kujiamini: "Moshi umeshaisha, makaa yameshika."

Ndugu yangu, afadhali moshi ungekuwepo, ungekohoa ukatoka nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kama abiria wa daladala aliyekalia kiti na hataki kushuka. Oksijeni inakosa pa kukaa. Na kwa kuwa kabonidayoksaidi unaendelea kuitoa kama kawaida, ile kengele hailii. Hutweti, husikii kukabwa. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakolea, na kifua kinaendelea kupanda na kushuka kikiingiza sumu. Familia nzima inakutwa asubuhi imekufa vitandani.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu haina mjadala: jiko la mkaa halilali na watu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Kumwagia makaa majivu si kinga pia, kwani yanaendelea kuungua chini kwa chini. Ukimkuta mtu ndani ya chumba chenye jiko analalamika kichwa, anatapika au haamki vizuri, usianze kumpikia chai. Fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, mkimbize hospitali, na uwaambie wahudumu kwamba palikuwa na mkaa.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, toa jiko nje. Anayesikia baridi aongezewe blanketi.