Fundi na Banda la Gari

Miongoni mwa mafundi wa mwambao wetu, toka Tanga hata Mombasa, hodari kuliko wote si yule ajuaye kupiga lipu, bali ni yule ajuaye kupokea arubuni. Maana huyo, akisimama uani kwako na futikamba mkononi, atalisifu banda la gari lako kwa ufasaha hata ulione limekwisha ezekwa, na pindi fedha ziingiapo kibindoni huwa ghaibu, na misiba huanza kufululiza katika ukoo wake (Mola awarehemu marehemu hao, ambao baadhi yao tumekwisha wazika mara mbili). Akirejea, huja na udhuru uliopangwa vizuri kuliko matofali yake. Saruji, ambayo kanuni yake ni ndoo 1 kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, huitia kwa huruma kama chumvi katika mchuzi wa mgonjwa. Na zege linalotaka kumwagiwa maji kwa siku 7, yeye hulitosheleza kwa dua. Mlango nao, wallahi, huuacha na upana wa kupita baiskeli, kisha akamshauri tajiri wake, kwa adabu na taadhima zote, abadili gari. Salio lake, hata hivyo, hulidai Ijumaa kabla ya adhuhuri.