Kikohozi cha Chooni

Nyumba ninayopanga Temeke ina vyumba 8, wapangaji 21 na choo kimoja. Komeo la mlango wa choo lilikufa kabla sijahamia, kwa hiyo tunatumia kikohozi. Uko ndani, ukisikia hatua zinakuja, unakohoa: humu mna mtu. Mama mwenye nyumba anasema komeo hushika kutu, kikohozi hakishiki.

Wiki ile matumbo yalipochafuka tulikohoa mpaka majirani wakaanza kuulizana kama tuna kifua kikuu. Fundi cherehani anakohoa ndani, dereva bodaboda anakohoa nje, na wa nje ndiye mwenye haraka zaidi. Mpini wa kopo haukupata hata dakika ya kukauka. Kandambili za chooni, jozi moja ya nyumba nzima, zilivuliwa na huyu zikavaliwa na yule zikiwa bado na joto la miguu.

Mimi nilikuwa nimeshapona. Alhamisi nilikwenda kwa dada, mpwa wangu akanitapikia shatini. Nikajipangusa, nikajipaka kitakasa mikono, kile kichupa ninachokining'iniza kwenye funguo tangu enzi za korona, yakaisha. Ijumaa usiku yakaanza. Sikumwambia mtu, mtu mzima na ndevu zake hatangazi tumbo la kuendesha. Jumapili asubuhi nikaamka mzima, na kwa furaha ya uzima nikajitolea kukata kachumbari ya khitma pale uani. Nilijipaka kitakasa mara mbili, hadharani, ili wajifunze ustaarabu. Kachumbari ilisifiwa sana. Fundi cherehani aliongeza mara tatu.

Jumatano jioni kikao kikakaa chini ya mwembe, wale walioweza kukaa. Mshitakiwa alikuwa kibua. Mama wa chumba cha tano hukaanga vibua barazani, na kila mgonjwa alikumbuka kwamba alikula kimoja.

"Vibua vyangu vinaliwa mpaka Tandika," mama akasema, mikono kiunoni. "Mbona wanaoendesha ni wa nyumba hii tu?"

Hoja ilikuwa nzito. Hata hivyo nilitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayemwonea huruma muuza samaki.

Ndipo akaingia binti wa mwenye nyumba, muuguzi. Akatusalimu "shikamooni", sauti zikamrudia dhaifu, akachukua glasi mkononi mwa dereva bodaboda aliyekuwa amejitengenezea maji ya chumvi na sukari. Akaonja. Akatema.

"Kaka, lita moja ya maji safi ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Wewe umegeuza! Haya ni ya kuhifadhia papa."

Akauliza maswali, kisha akasema vibua waviache, hii inaelekea kuwa virusi vya noro. Mtu akivipata, hukaa saa 12 hadi 48 ndipo tumbo linachafuka. Vichache tu vinatosha, visivyoonekana kwa macho, na hukaa siku kadhaa kwenye mpini wa kopo au kitasa cha mlango vikisubiri mkono. Tena aliyepona huendelea kuvitoa, kwa hiyo akae walau siku mbili bila kushika chakula cha wenzake, hasa kisichopikwa.

"Kama kachumbari," akasema fundi cherehani, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Kama kachumbari. Dawa ni sabuni na maji yanayotiririka. Tundikeni hata kibuyu chirizi pale nje ya choo. Hivi vitakasa mikono vyenu havifui dafu mbele ya noro."

Nikakiingiza kichupa mfukoni polepole, funguo zikalia kama kengele ya shule.

"Sasa," akasema muuguzi akitutazama mmoja mmoja, "nani alianza kuumwa?"

Kimya. Upepo ukapita kwenye mwembe. Hatua za maswali zilikuwa zinakuja mlangoni kwangu, na mazoea yana taabu: nikajikuta nimekohoa.