Marisau ya Nyoka na Kanga ya Mama Mkwe

Kanga ya mama mkwe wangu ina matundu, na kila asubuhi anaitundika sebuleni, mkabala kabisa na kochi ninalokalia, eti ipate upepo. Sebuleni hakuna upepo. Nimeshamwelewa.

Juzi alfajiri kanga hiyo ilikuwa imeanikwa kwenye uzio mfupi nyuma ya nyumba, huku nje ya Tucson, Arizona. Chini yake alikuwapo nyoka. Alijikunja, akatanua kichwa, akatoa pumzi kwa mlio wa kutisha, kisha akatikisa mkia ndani ya majani makavu. Jimbo la Arizona lina aina 13 za nyoka-njuga, wale ambao mara nyingi hupiga kayamba kwa mkia kabla ya kuuma. Mimi nilisikia kayamba, wala sikusubiri ubeti wa pili.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Baba Asha, si umwagie maji tu aende zake?"

"Hapana mama, hawa wa huku wabaya. Naomba uingie ndani."

"Mimi nimelima Handeni, baba. Nyoka nawajua."

Tatizo la mkwe ni kwamba nafasi za kuonekana mwanamume mbele ya mama mkwe hazizidi moja kwa kila ziara. Hii ndiyo ilikuwa yangu. Nikachukua bastola niliyoazimwa na jirani yetu, mzee mstaafu wa jeshi, ambaye alikuwa ameipakia mwenyewe kwa utaratibu anaouheshimu kuliko katiba: vyumba viwili vya kwanza marisau ya nyoka, yaani risasi za chembe ndogo nyingi, vinavyofuata risasi za kawaida. Nikasimama hatua kadhaa, umbali ambao moyo wangu uliuona wa heshima. Nikalenga kichwa. Nikafyatua.

Moshi ulipotoka, nyoka alikuwa palepale, mzima, akinitazama. Kanga nyuma yake ilikuwa imetobolewa kwa duara kubwa lililopangika vizuri. Katikati ya duara hamkuwa na hata tundu moja. Na katikati hapo ndipo palipoandikwa jina la kanga, nalo lilisalimika herufi kwa herufi. Mama mkwe akasogea, akalisoma kwa sauti.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akanywa chai kidogo.

"Baba Asha, kama ulikuwa hutaki nikae mpaka Idi, ungesema tu."

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu lile duara lina maelezo ya kisayansi, na tangu siku hiyo mimi ni mtu wa maelezo. Ndani ya mtutu wa bastola mna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko. Risasi moja nzito ikipita humo huzungushwa, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende ilikotumwa. Risasi ya nyoka haiko hivyo. Ile ya bastola ya .38 ina kidonge cha plastiki kilichojazwa chembe za risasi za namba 9, zenye kipenyo cha milimita 2, karibu chembe 130. Kidonge nacho huzungushwa kikipita mtutuni. Kinapotoka mdomoni kinapasuka, na chembe zote, zikiwa bado na ule mzunguko, zinarukia pembeni. Matokeo yake ni kama watu waliozunguka ngoma: pembeni wamebanana, uwanja wenyewe mtupu. Nyoka wangu alikuwa amesimama uwanjani.

Utauliza, kwa nini wasitengeneze mtutu laini, usio na mifuo, kwa ajili ya marisau? Nami niliuliza. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934, iliyotungwa enzi za majambazi wa bunduki za rashasha, inaiweka bastola ya mtutu laini iliyoundwa kwa marisau kwenye kundi la silaha za kusajiliwa serikali kuu, kwa fomu na vibali. Kwa hiyo ziko bastola zinazomeza hata risasi ya .410, ile ya bunduki ya kuwindia ndege, na watengenezaji wanazichonga mifuo kusudi, ili zisiangukie kwenye sheria hiyo. Yaani mifuo inayoyatawanya marisau ndiyo inayoyapa uhalali. Nimelisoma jambo hili usiku mpaka mke wangu amezima taa.

Halafu kuna suala la ukubwa wa chembe. Bastola ndogo ya .22 hubeba chembe za namba 12, milimita 1.27 tu, ambazo ni nyingi lakini hazina nguvu za kwenda mbali. Chukua chembe kubwa, namba 4: kila moja inapiga vizuri zaidi, ila zinakuwa chache, na nyoka mwembamba anapenya katikati yake bila kujikwaa. Bastola za kujipakia zenyewe nazo zina kiburi chao. Risasi hizi nyepesi wakati mwingine hazina msukumo wa kutosha kurudisha bamba la juu, basi silaha inakwama baada ya mlio mmoja. Ndiyo maana wazee wa huku wanashikilia bastola ya silinda. Na zote, za aina yoyote, wazoefu wanakwambia usizidi mita tatu. Nyoka-njuga huruka kuuma umbali wa takriban nusu ya urefu wake, na wakubwa wao wanapita mita moja na nusu. Kwa hiyo mwenye bastola anatakiwa asimame karibu kuliko mwenye akili.

Wakaja zimamoto, maana huku vikosi vingi vinaondoa nyoka pia. Binti mmoja akashuka na koleo refu na ndoo yenye mfuniko. Akamtazama nyoka, akanitazama mimi, akaitazama kanga. Akasema huyu hana sumu hata kidogo. Ni nyoka mla panya, anaigiza mwenzake mwenye njuga ili aogopwe. Akamwachia kwenye vichaka. Nyoka akaondoka taratibu.



Nilikuwa nacheka hadithi hii mpaka mama mkwe alipotoa mkobani jiwe la nyoka, lile jeusi la kuweka kwenye jeraha, alilosafiri nalo kutoka kwao Handeni, Tanzania. Nikamwambia hilo jiwe halivuti sumu, mama, wataalamu wanasema hivyo. Akajibu kwamba jirani yake aliumwa na kifutu shambani; zahanati ikampa panadol na barua ya rufaa, na huko rufaa wakamkata mguu. "Jiwe angalau lipo," akasema. Sikuwa na maelezo ya kisayansi.

Marekani huumwa na nyoka wenye sumu watu kati ya 7,000 na 8,000 kwa mwaka. Wanaokufa ni kama watano. Siyo marisau yanayowaponya. Ni barabara, hospitali, na dawa mbili tofauti za sumu ya nyoka-njuga. Mwaka 2018 huko Texas mtu alimkata nyoka kichwa, kichwa kile kikamuuma, akapewa dozi 26 za dawa, akapona. Dozi 26 kwa mtu mmoja! Afrika, dawa iitwayo Fav-Afrique, iliyotibu sumu ya nyoka kumi wa bara hilo, kifutu akiwemo, kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu hailipi, na akiba ya mwisho ikaisha muda Juni 2016. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakulima. Wakulima hawanunui vya kutosha.

Kwenye duka la silaha hapa jirani kuna rafu nzima ya risasi za nyoka, na muuzaji anakuuliza kwa upole unataka ya bastola gani.

Nyoka ukimwona, rudi nyuma, mpe njia, ita wanaojua. Shambani vaa buti, usiku shika tochi. Na wewe unayeandika bajeti ya zahanati za vijijini, weka humo friji na dawa ya sumu ya nyoka. Marisau hatukuombi.