Kumshtaki Paa Mjini Himo: Mwongozo kwa Mwalimu Mgeni

Anza na jina la kozi, na ulichague kwa tahadhari. Unataka vijana wa kidato cha pili waigize mahakama, huku fizikia, biolojia, jiografia na uraia vikiiva chungu kimoja. Wazo zuri. Ila usithubutu kuiita "kesi ya moko". Himo nzima, kuanzia Njia Panda hadi kona ya kupanda Marangu, moko ni mtihani, mtihani una matokeo, na matokeo yana mzazi. Kabla hujatoka ofisini utakuwa umeulizwa mchango wa karatasi ni shilingi ngapi. Iite "mahakama ya kuigiza". Utaulizwa vilevile, ila kwa sauti ya chini.

Sasa tafuta kesi. Achana na wizi wa kuku. Darasani kuna watoto ambao wajomba zao walishapitia huko, nao watakusahihisha. Chukua kesi ya Mwalimu Goso, ngano ya Unguja ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870. Goso hana darasa, anasomesha chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba matunda, buyu linaanguka, linamkuta mwalimu kichwani, anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanaanza kumsaka muuaji. Wanaipiga kusi, wakidai upepo wake ndio ulioangusha buyu. Kusi inajitetea: ingekuwa na nguvu hivyo, ingezuiwa na kiambaza? Kiambaza kinamtaja panya, panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, inzi paa. Paa anaulizwa, ananyamaza. Basi wanamuua. Washtakiwa 11, shahidi hakuna hata mmoja, hukumu siku hiyohiyo. Wasomee mpaka mwisho. Mauaji hayatawashtua. Watakachoshindwa kuamini ni hiyo siku hiyohiyo.

Gawa kazi. Hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mawakili, wazee wa baraza wawili. Majoho azima kwa kwaya. Kataa nyundo watakayoileta. Ni ya seremala, na mwenyewe anaitafuta. Fanya iwe Mahakama ya Mwanzo, maana huko ndiko wazee wa baraza hukaa, na utajiona mjanja kwa dakika nne hivi. Kisha kijana mmoja atasimama na kusema mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Yuko sahihi, mauaji ni ya Mahakama Kuu. Hakufundishwa na mtu; sentensi hiyo ameisikia kwenye taarifa ya habari tangu ananyonya. Hamishia kesi Mahakama Kuu, yaani geuza meza. Meza ikishageuka, upande wa Jamhuri utaomba ahirisho kwa sababu upelelezi haujakamilika. Usiulize ni upelelezi gani huo, wakati hadithi iko kitabuni tangu 1870. Panga tarehe ya kutajwa. Tenga vipindi vitatu kwa ajili ya kuahirisha tu, na kwenye azimio la kazi viandike "stadi za subira". Havitatosha.

Lugha nayo ina mtego wake. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na ukutani kipo kibao cha kuwakumbusha waliojisahau. Maana yake shahidi akisema ukweli wake kwa ufasaha ametii sheria ya nchi na kuvunja ya shule kwa pumzi moja. Chora mstari wa chaki sakafuni: ndani ya mstari ni mahakama, nje ni shule. Darasa zima litahamia ndani, hata wasio na kesi. Weka akiba ya chaki.

Sasa sayansi, ambayo ndiyo uliyokuja kuifundisha. Buyu likidondoka kutoka mita 10, ukipuuza ukinzani wa hewa, linafika kichwani kwa Goso likiwa na mwendo wa mita 14 kwa sekunde. Waachie wenyewe wabadilishe: ni kilomita 50.4 kwa saa. Kitatokea kimya kizito, kisha binti wa dawati la mbele atasema kwenye makazi mwisho ni 50. Buyu limezidisha mwendo. Watataka trafiki aitwe na tochi yake. Mwite. Wakili wa utetezi atamuuliza afande alikuwa amesimama wapi, na kama mahali hapo palikuwa na kichaka. Mpe wakili huyo alama zote, umalize haraka.

Jiografia itapita bila vurugu: kusi huvuma pwani takriban Aprili hadi Septemba, kwa hiyo kama Goso alikufa Januari, kusi haikuwepo na iachiwe. Biolojia itaua kesi ya Jamhuri kabisa, kwa sababu paa ana kwato, na mwenye kwato za namna ile hapandi mbuyu. Usijaribu kuiokoa. Ukinunua buyu la kielelezo sokoni, nunua mawili. La kwanza litapasuliwa wakati wa mapumziko, litapakwa sukari na rangi nyekundu, na karani ndiye atakayeuza.

Mpaka hapo mtakuwa mmecheka sana. Ndipo yule msichana wa nyuma asiyesemaga kitu atanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kuuliza. Kwa nini marehemu alikuwa anafundishia chini ya mti?"

Mkatize. Hutamkatiza, kwa sababu swali ni zuri na wewe ni mwalimu. Anayeigiza panya, ambaye mama yake ana biashara ya mahindi ya kwenda Holili na nyumbani kwao hesabu huzungumzwa wakati wa kula, atauliza kwa upole kama wazazi wa wanafunzi wa Goso waliwahi kuchangia darasa. Na kama walichangia, tofali ngapi. Hakuna atakayetaja jengo lolote, watoto wa Himo wamelelewa. Wataangalia tu dirishani, kwenye ule msingi nyuma ya vyoo, ulioota magugu mpaka mbuzi wa jirani ameuzoea. Halafu ngano itaanza upya. Kamati itamtaja fundi, fundi saruji, saruji bei, bei barabara, barabara mvua. Mvua itaulizwa, nayo itanyamaza.

Mnyamavu mwingine atakuwa mlangoni. Ni makamu mkuu wa shule, aliyepita mara moja tu kusalimia. Hakimu, mwenye miaka 15 na joho la sauti ya tatu linaloburuta chini, amesoma ngano mpaka mwisho na anakumbuka aliyenyamaza alifanywa nini. Atamgeukia. Darasa zima litamgeukia. Omba kengele ilie. Itachelewa, siku hiyo mpiga kengele ndiye mshtakiwa wa nne.

Jioni utamkuta mzee mlinzi getini, ambaye habari zote alishazipata kabla hujafunga mkoba.

"Mbe, mwalimu, hili la leo limekuwa kubwa."

Msikilize. Usimweleze kuhusu mtaala, wala fikra tunduizi, wala Katiba. Atakwambia uende ukachume jani la isale, ambalo hulikosi, limepandwa mipakani mwa vihamba huko juu. Lifunge fundo. Huku mlimani Kilimanjaro mtu akiletewa isale ameombwa msamaha, na kuikataa ni vigumu kuliko kusamehe. Utauliza umekosa nini. Mzee atatazama barabara ya Marangu kama hakusikia, na hilo ndilo jibu.

Asubuhi vaa shati la mikono mirefu. Pita ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya mstari, mkabidhi jani kwa mikono miwili, usiongeze neno. Atalipokea, ataliweka juu ya faili la ujenzi, na atakueleza kwa upendo kwamba kozi yako ni nzuri mno, watoto wameifurahia, ila kwa sasa itabidi iahirishwe. Kuna mambo bado yanachunguzwa. Tarehe ya kutajwa utajulishwa.