Mhadhara wa Mshauri Mkuu kwa Wananchi wa Nambis: Kompyuta Ijiunge Yenyewe

Wazee wangu wa Nambis, shikamooni. Akina mama, vijana, na wewe uliyekuja kuchaji simu tu, karibuni. Anayesimama mbele yenu ni Mshauri Mkuu wa Mitandao, Nyanda za Juu za Mbulu, wadhifa nilioteuliwa na mimi mwenyewe baada ya mchujo mkali uliokosa mshindani. Wanaonidai wasinyooshe mikono. Hii ni shughuli ya kitaaluma.

Mada yangu ni namna ya kuifanya kompyuta ya nyumbani, ikiwashwa tu, iingie kwenye intaneti bila kuguswa. Mtu mwenye hadhi habonyezi "unganisha" kila asubuhi.

Nianze na historia, kwa kuwa mtaalamu asiyeanza na historia hulipwa kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Wapo wanaosema hatua ile ilituchelewesha. Mimi nasema iliwapa wazee wetu miaka mingi ya kulala bila kuulizwa nywila. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatua Dar es Salaam kutoka baharini. Kutoka pale hadi huku milimani ni safari nyingine, nami nitaipita haraka kama mtandao wenyewe unavyotupita.

Sasa sayansi. Ile modemu ndogo ya kuchomeka ina laini ndani yake, sawasawa na iliyomo kwenye kitochi chako. Ili ijiunge, hupiga namba *99#. Hakuna mtu anayepokea, kwa hiyo usisalimie. Ndani ya Windows kuna amri iitwayo rasdial, ya tangu enzi za kuingia mtandaoni kwa simu ya mezani, na mpaka leo haijastaafu. Andika amri hiyo, ifuatishe na jina la muunganisho wako, hifadhi katika faili lenye mkia wa .bat. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na ulitumbukize faili katika folda itakayofunguka. Kuanzia hapo, kila ukiingia kwenye kompyuta, yenyewe inapiga.

Wanagenzi husahau kuondoa PIN ya laini, modemu ikabaki inasubiri namba ya siri kama mgeni aliyepigwa na bumbuwazi mlangoni. Wakikumbuka hilo, husahau kuichelewesha amri. Ipeni hata dakika moja! Modemu ikipata umeme huanza kwa kutafuta mnara, na katika makorongo yetu kutafuta mnara si kazi ya kudharau. Nyumba za kale za Wairaqw zilichimbwa ndani ya mteremko, paa likafunikwa udongo, ili Mmasai apite juu asijue kuna ng'ombe chini. Mababu walifaulu mno. Ukichomeka modemu ndani ya nyumba ya namna ile, mawimbi nayo yatapita juu yasijue kama upo. Nunua waya mrefu wa USB, modemu ikae dirishani.

Kwa wenye kutumia hotspoti ya simu, kuna kisanduku cha kuunganisha kiotomatiki, weka tiki. Sitaeleza zaidi, elimu ya tiki moja haina ada.

Kilele cha taaluma yangu kiko kwenye BIOS. Humo kompyuta nyingi za mezani zina kipengele cha kuamua mashine ifanye nini umeme ukikatika na kurudi. Nilimtengenezea mwalimu mstaafu mmoja wa hapa hapa: umeme ukirudi, mashine inajiwasha, inajifungua bila nywila, inajiunga. Usiku ule umeme ukakatika, ukarudi saa nane, yeye amelala. Kompyuta ikaamka, ikaingia mtandaoni, mfumo endeshi ukaona masasisho, ukayapakua yote. Alfajiri mwalimu akaamka kutazama bei ya vitunguu swaumu. Bando la wiki limekwisha na kompyuta inamwambia asiizime. Kiufundi, huo ni ushindi mtupu. Kila kitu kilifanya kazi bila kuguswa.

Naona bibi amesimama. Shikamoo, bibi. Anauliza: ikishajiunga yenyewe, na bando itajinunulia yenyewe? Bibi, swali hilo ni la kiuchumi. Mimi ni wa kiufundi. Msimpigie makofi, jamani.

Dawa ya masasisho ipo, nami nilikuwa nimeihifadhi kwa mhadhara wa pili, ule wenye kiingilio. Lakini kwa kuwa mwalimu amekaa pale mlangoni na bakora yake, naitoa leo. Fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia, uiambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kupakua mizigo mikubwa kwa hiari yake. Alama hiyo huwekwa kwa kila mtandao peke yake. Ukibadilisha simu ya hotspoti, unaanza upya. Ni kazi ya kubofya mara chache. Mwalimu, nilikutoza kwa ujuzi, siyo kwa mibofyo.

Mhadhara umefungwa. Maswali nitayapokea kwa barua pepe tu. Wewe kijana wa nyuma, shusha mkono.